Madereva Niliowazuia Mstarini

Vijana mnaowapima madereva wa mbio baada yangu mmeniomba niandike kidogo kuhusu kazi. Vyeo sitavitaja, havikuvutia hata nilipokuwa navyo. Mimi ni Mwanaidi, mtoto wa Majengo, baba Mnyamwezi aliyeletwa Moshi na kazi ya reli, mama Mpare. Maisha yangu ya kazi yote nilikuwa tabibu wa hospitali, nikishona vidonda na kusikiliza vifua vya watu. Lakini kila mbio za magari zilipokuja kwetu, niliazimwa kwenda kuwapima madereva kabla hawajaondoka. Wodi nimekwisha kuisahau nusu. Asubuhi zile za mbio bado naziota.

Huwa naziota kwa namna moja. Magari yamejipanga barabarani, moja nyuma ya jingine, na ukungu umeshuka mpaka kwenye matairi. Injini zinatetemeka lakini hazitoi sauti. Wanaume waliovaa ovaroli za rangi wanakuja kwangu mmoja mmoja, wananyoosha mikono nipime mapigo ya moyo, na kila mkono ninaoushika ni wa moto. Kisha ukungu unapasuka kidogo juu, kilele cha Mawenzi kinachungulia, na mimi naamka natafuta kipimajoto.

Siku yangu ya kwanza nilipelekwa na Daktari Massawe, bosi wangu, mzee wa Kibosho aliyekuwa na suti moja ya kahawia na saa isiyotembea. Nilikuwa nimebeba mfuko wa bandeji kama mtu anayekwenda vitani. Akanitazama, akatazama mfuko.

"Hizo zote za nini, binti?"

"Za ajali, daktari."

"Ajali zina watu wake, wako kule kwenye gari la wagonjwa. Sisi tuko hapa kwa ajili ya mafua."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Alinieleza, polepole, huku akimenya ndizi, kwamba dereva akipiga chafya anafumba macho, na gari kwa mwendo ule, kwa kipindi hicho cha kufumba macho, linapita nyumba ya mtu, ua wake na zizi lake. Kwamba mafua yanaziba masikio, na njia zetu zinapanda kutoka Himo kwenye joto mpaka juu kwenye baridi, na sikio lililoziba likipandishwa mlima linamfanya mtu aone barabara imelala upande. Dereva mwenye masikio mabovu hamsikii msoma ramani wake. Asiyemsikia msoma ramani anaendesha kipofu.

"Na hakuna hata mmoja atakayekwambia anaumwa," alisema. "Watu hawa huficha homa kama wengine wanavyoficha chupa."

Ndipo akanifundisha kusalimia. Ndiyo, kusalimia. Mshike dereva mkono, usiuachie. Muulize habari za nyumbani, za watoto, za safari, za mifugo kama anayo. Kufikia hapo utakuwa umeshajua joto la ngozi yake, kama anatetemeka, kama pumzi inamkatika, kama anakumbuka majina ya watoto wake. "Watakuona una adabu sana," alisema, "kumbe uko kazini." Baada ya hapo ndipo utoe vyombo. Vyombo vyetu vilikuwa vichache: kipimajoto cha zebaki kwenye kikasha cha penseli, kipimo cha kusikiliza moyo, tochi, na chupa ya chai ya tangawizi ambayo kwa maoni yangu ilitibu watu wengi kuliko hivyo vingine.

Niliona mengi. Alikuwapo dereva mmoja kutoka Tanga aliyekuja mstarini Marangu na miwani ya jua, jua lenyewe halijatoka, ukungu mtupu. Nikamwomba aivue. Akasema ni urembo. Nikamwomba tena kwa upole, na ilipotoka, macho yalikuwa mekundu kama nyanya na kope zimegandana. Mwingine, baba wa makamo, alikuja amefunga ovaroli mpaka kidevuni, amevaa glovu, na shingoni amezungusha skafu ya mke wake. Tetekuwanga. Binti yake alikuwa amepona wiki iliyotangulia na kumwachia baba yake zamu. Yule alinililia. Mtu mzima, mwenye sharubu, amekaa kwenye tairi la akiba, analia kwa sababu ya ugonjwa wa chekechea.

Na hapo kuna jambo nililolielewa taratibu. Dereva aliyevunjika mguu hupokewa nyumbani kama shujaa. Watu wanakuja na mtori wa ndizi, wanaandika majina kwenye plasta. Aliyezuiwa na kuhara hana hata cha kumsimulia jirani. Mwaka mzima ameandaa gari, amelala chini yake, ameliota, halafu anazuiwa na tumbo. Kwa hiyo unapomwambia mtu "leo huendi", mwambie pembeni, si mbele ya mafundi wake. Mwambie umekaa. Na usitabasamu, hata kama kuna cha kuchekesha, maana mara nyingi kipo.

Daktari Massawe alistaafu, akarudi kihambani, kwenye shamba la ukoo wake, kutunza kahawa, na kazi ya mstarini ikabaki kwangu. Nataka niwasimulie asubuhi moja tu ya wakati huo, kwa sababu ndiyo inayonirudia zaidi.

Palikuwa na dereva wa hapa hapa Moshi, Jaspal, Kalasinga, wa familia iliyokuwa na gereji mjini tangu enzi za babu yake. Msoma ramani wake alikuwa Salim, mtoto wa Majengo, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Walikuwa marafiki tangu utotoni. Salim alianza kwa kupeleka vyuma kwenye gereji ile, akajifunza ufundi, na siku moja Jaspal akamwambia apande kiti cha pili. Hakushuka tena. Kwenye gari Jaspal alikuwa mikono na Salim alikuwa macho. Salim aliandika kila kona kwenye daftari, kisha mbioni akaisoma kwa sauti kabla haijafika: kulia, kali, mteremko, kushoto, ndefu, inafunga, yaani inazidi kupinda. Jaspal aliendesha maneno yale, si barabara.

Mwaka ule walikuwa wanaongoza mashindano ya nchi nzima, na mzunguko wa mwisho ulikuwa nyumbani, kwenye njia za vumbi za Rombo, upande wa juu wa barabara ya lami, kupita migombani na kahawani mpaka kwenye misonobari karibu na Tarakea. Walihitaji kumaliza tu. Na ilikuwa mara yao ya mwisho. Gereji ilikuwa inafungwa. Kaka yake Jaspal alikuwa Kanada na familia nzima ilikuwa inamfuata. Gari lilikwisha kupata mnunuzi. Mji mzima ulijua. Kiboriloni sokoni watu walikuwa wamesimama juu ya meza za kuuzia nguo kuyaona magari yakipita kwenda kwenye kituo cha kuanzia.

Kituoni nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha kukunja, karibu na zahanati ndogo ya kijiji iliyokuwa kando ya njia. Salim alifika peke yake kwanza, helmeti mkononi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Jaspal yuko wapi?"

"Anakuja." Akatazama chini, akafuta vumbi ambalo halikuwapo kwenye helmeti. "Dada Mwanaidi, akija, msalimie vizuri."

Akaondoka haraka. Nilikaa na maneno yale kama mtu aliyepewa kitu cha moto akishike.

Jaspal alikuja akitabasamu, kilemba chake cha bluu kimefungwa safi. Nikamshika mkono. Habari za nyumbani? Nzuri. Mama? Mzima, anafunga mizigo. Nilihisi mkono wake kabla hajamaliza kunijibu. Ulikuwa wa moto na mkavu, na chini ya ngozi kulikuwa na mtetemo mdogo, kama injini inayosubiri.

"Jaspal, kaa."

"Nimesimama vizuri, dada."

"Kaa, mwanangu."

Akakaa. Kipimajoto kilinipa jibu nililolitarajia. Nikamchoma kidole, nikaweka kitone cha damu kwenye kipimo cha malaria, tukasubiri wote wawili tukikitazama. Alikuwa amekaa siku nyingi kule tambarare, kwenye joto na mbu, akilijaribu gari. Mstari wa kwanza ukatokea. Wa pili ukaja nyuma yake, polepole, wa rangi ya waridi.

"Umefifia sana huo," Jaspal alisema. "Huo hauhesabiki."

"Unahesabika."

"Dada, nipe dawa ya kutuliza homa. Nimalize hii tu. Nikifika Tarakea nitalala, nitameza chochote unachotaka. Nitakunywa hata mwarobaini."

"Watoto wa kaka yako wanaitwa nani?"

Akafungua kinywa. Akatafuta. Alilipata jina la kwanza, la pili halikuja. Tulitazamana. Aliinamisha kichwa, na nilipokiona kilemba kile kimeinama nilitamani niwe mtu mwingine, muuza ndizi, mpita njia, mtu yeyote asiye na la kusema.

"Leo huendi, Jaspal."

Hakupiga kelele. Alisimama, akamtafuta Salim kwa macho, akamwona ameegemea gari, amegeuza uso. Hapo akaelewa.

"Ni wewe," alimwambia. "Umemwambia."

Salim alilikunja daftari mkononi.

"Miaka yote hii, Salim. Leo?"

Kisha miguu ikamlegea, na mafundi wawili wakamdaka. Tulimwingiza ndani ya zahanati, kwenye kitanda cha pekee kilichokuwapo, chini ya dirisha. Mama Ritha, mhudumu wa pale, alileta mablanketi yake mwenyewe kutoka nyumbani, yenye harufu ya moshi wa kuni. Nilimpa dawa mseto, nikamnywesha maji, nikakaa. Salim alikaa nje kwenye benchi, mlango ukiwa wazi kati yao.

Ukungu ulikuwa umeingia migombani. Kupitia dirisha uliona majani makubwa tu, yanatokea na kupotea. Magari yakaanza kuondoka. Moja lilikuwa linanguruma, linapita chini ya kilima, linapungua, linakuwa nyuki, linakwisha. Kimya. Halafu jingine. Zamu yao ilipofika kulikuwa na kimya kirefu kuliko vingine, kwa sababu nafasi yao ilikuwa tupu, na sisi sote watatu tulikisikiliza kile kimya mpaka mwisho.

Hapo ndipo Jaspal, macho yamefumbwa, meno yanagongana, akaanza kusema.

"Kulia, wazi. Kushoto, ndefu, inafunga. Nyoosha. Kanisa."

Nilidhani ni homa inaongea. Ilikuwa homa, lakini ilikuwa barabara pia. Alikuwa anaendesha. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unatembea chini ya blanketi, mbele, nyuma, na mguu ulikuwa unasukuma ubao wa kitanda.

"Kulia, kali. Daraja. Kulia tena..."

"Kushoto," Salim alisema kutoka nje.

Mkono wa Jaspal ulisimama chini ya blanketi.

"Baada ya daraja ni kushoto," Salim alisema tena. "Kushoto, kali, usikate. Kuna jiwe."

Akaingia, daftari mkononi, akavuta kigoda mpaka kichwani pa kitanda. Hakumtazama rafiki yake. Alifungua ukurasa, akaanza kusoma kwa sauti ile ya mbioni, kavu, isiyopanda wala kushuka. Kushoto, kali, usikate. Nyoosha, kilima, mruko. Na kwenye ule mruko nikamwona Jaspal anajikaza, na mimi mwenyewe, tabibu mwenye akili zangu timamu, niliinua miguu kutoka sakafuni.

Tulikwenda hivyo sote. Tulipita kahawa, tukapita shule, tukapita sokoni kwa wauza pombe ya mbege. Tuliingia kwenye misonobari na chumba kile kikawa na giza kidogo, sijui kama ni wingu au ni sauti ya Salim. Mama Ritha alisimama mlangoni na beseni la maji, hakuthubutu kuingia, kama mtu anayesubiri magari yapite ndipo avuke. Jaspal alianza kutoka jasho. Lilitoka kwenye paji, likaingia kwenye kilemba, na mtetemo wake ukapungua kona baada ya kona.

"Kulia, wazi, kulia, wazi," Salim alisoma. "Nyoosha. Bendera. Mwisho. Simama."

Mguu ulisukuma ubao mara ya mwisho, kwa nguvu. Kisha Jaspal akalala usingizi wa kweli. Salim alifunga daftari, akatoka nje, na nilimsikia anapenga kamasi kwenye majani ya migomba.

Sasa ninyi mtataka niwaambie kwamba nilikuwa sahihi. Kwamba daraja lilikuwa limebomoka, au kwamba lori liliingia njiani. Hapana. Siku ile hakuna aliyeumia. Baadaye ukungu uliondoka, njia ikawa nzuri, kavu, na dereva kutoka Arusha, ambaye Jaspal alikuwa amemshinda mwaka mzima, alimaliza bila haraka na kuchukua ubingwa. Wapo watu mjini waliosema Jaspal angefika. Huenda angefika. Nimelala na hilo neno "huenda" kwa muda mrefu. Ajali uliyoizuia haina sura, hakuna atakayekuonyesha picha yake. Mtakutana na hilo, na hakuna dawa niliyoipata.

Jaspal alipona baada ya siku chache. Hakuja kunisalimia, na sikumlaumu. Salim nilimwona Majengo akipita kwenda msikitini, ananiamkia, anaendelea. Nilisikia kwamba hawajaonana wawili hao tangu zahanati.

Kisha asubuhi moja, nipo uwani naanika kanga, nikasikia mngurumo nje, na kuku wa mtaa wote wakakimbia. Nilitoka. Jaspal alikuwa amesimama kando ya gari lake, amevaa shati la kawaida.

"Shikamoo, dada. Nalipeleka gari Tarakea. Leo mnunuzi anavuka mpaka kuja kulichukua. Kiti cha pili hakina mtu."

"Salim?"

"Nimepita kwake kabla ya kuja hapa. Tumeongea mawili matatu. Anakuja nyuma na pikapu, ili tupate usafiri wa kurudi. Amesema leo usome wewe."

Akanipa daftari. Nilijifunga kanga, nikaingia kwenye gari lile kama mtu anayeingia ndani ya sufuria, akanifunga mikanda. Kutoka Marangu aliacha lami, akashika njia ya juu, ile ile ya mbio. Lakini siku ile barabara ilikuwa ya watu wote, haikufungwa, kwa hiyo alikwenda mwendo wa mtu anayekwenda sokoni. Nikasoma. Kulia, wazi. Kushoto, ndefu, inafunga. Nilikuwa nasoma kama mwanafunzi, nikikosea mstari, na alikuwa akinisubiri. Wanawake waliobeba majani ya ng'ombe walikaa pembeni kutupisha, naye akawasalimia wote. Pale kwenye mruko gari lilipanda na kushuka taratibu, kama kitanda cha mtoto.

"Sikuwahi kuiona hii shule," alisema. "Kumbe ina maua."

Tarakea kulikuwa na soko, malori, watu wa pande zote mbili wanapishana na magunia. Mnunuzi alikuwa mtu mpole kutoka Kenya, alilizunguka gari, akalipapasa, akasema ahsante, akaondoka nalo. Tulibaki watatu kando ya barabara, mimi, Jaspal, na Salim aliyekuwa amefika na pikapu. Tulilisikiliza likiondoka mpaka likachanganyika na kelele za soko.

Jaspal akamgeukia Salim. "Siku ile," alisema, "kwa nini ulimwambia?"

Salim alifikiri. Sidhani alikuwa anatafuta jibu. Nadhani alikuwa analipima uzito.

"Nilikuwa nakaa kiti cha pili," alisema.

Katika miaka yote ile nilikuwa nikiwahesabu waliozuiwa tu, wale walioshika usukani. Sikuwahi kumfikiria yule aliyekaa kando yao, daftari mapajani, asiye na breki wala usukani, anayewaamini. Jaspal aliitazama njia gari lilikoelekea. Kisha akaweka mkono begani kwa Salim, akauacha hapo.

"Twende nyumbani," alisema.

Tulipanda pikapu. Salim aliendesha, mimi nikakaa katikati, Jaspal akakaa dirishani, mahali ambapo hakuwahi kukaa katika maisha yake. Tulishuka kwa njia ya lami, jua la jioni likipenya kando ya miamba ya Mawenzi, migomba yote ya Rombo inang'aa kama imepakwa mafuta. Kila kona ilipokaribia, mguu wa Jaspal ulikanyaga sakafu, ukitafuta breki isiyokuwapo.

Salim aliona. "Vipi, ndugu yangu?"

"Hakuna," alisema Jaspal, akashika kwa nguvu mpini wa mlango. "Endesha tu."